Jina la Kaunti Halipunguzi Mada

Mwishoni mwa muhula, simama kidogo kwenye duka lolote la fotokopi lililo karibu na chuo, Bungoma au Kitale, usome vichwa vya insha vinavyotoka kwenye mashine. Vinafanana kama sare ya shule. "Athari za Bodaboda kwa Elimu: Mfano wa Kaunti ya Bungoma." "Changamoto za Kilimo cha Mahindi: Mfano wa Kaunti ya Trans Nzoia." "Mchango wa Wanawake katika Maendeleo: Mfano wa" kaunti ileile. Mwandishi aliambiwa mada yake ni pana mno, naye akaipunguza kwa njia aliyoiona kwa wenzake: akaweka nukta mbili, akaandika jina la kaunti.

Hapo hakijapungua kitu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Bungoma peke yake ina mashamba ya miwa huku chini, kahawa na vitunguu ukipanda upande wa Chwele, msitu wa Mlima Elgon kule juu, na kituo cha mpakani Lwakhakha ambako ukivuka daraja uko Uganda. Atakayeandika "athari za bodaboda" kwa watu wote hao katika kurasa kumi na mbili ataishia kuandika mambo ambayo kila msomaji aliyajua kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza: bodaboda huwapa vijana kazi, lakini pia wanafunzi huacha shule.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi mwenye insha ya maneno elfu tatu au mradi wa mwaka wa mwisho, mwenye simu, nauli ya kubana na wiki chache. Ninalotaka ulishike ni hili: mada hupungua pale unapojua ni ushahidi gani utakaoushika kwa mikono yako mwenyewe. Maneno ya kichwa hufuata baadaye.

Anza na ubishi

"Mahindi", "tohara", "ardhi", "vijana": haya bado si mada, ni majina ya masomo mazima. Badala ya kuketi na karatasi tupu ukitafuta neno lenye heshima, sikiliza watu wanabishania nini. Kitale, mvua ya kupandia inapokaribia, ubishi uko kwenye maduka ya pembejeo. Huyu anataka mbegu ya H614 kwa sababu ndiyo aliyoipanda baba yake. Yule anasema inachelewa kukomaa na mvua za siku hizi hazina miadi. Bungoma utausikia kwenye miwa: nani kalipwa, nani hajalipwa, nani ameng'oa akapanda kitu kingine. Webuye watu hawajamaliza kubishana kilichoua kiwanda cha karatasi. Ukienda Kimilili, mzee mmoja atakuambia Elijah Masinde, yule wa Dini ya Msambwa, alikuwa nabii, na aliyeketi kando yake atampinga kabla hajamaliza kusema.

Ubishi una faida ambayo neno tupu halina. Tayari una pande mbili, na kila upande unadai jambo ambalo laweza kuchunguzwa. Andika ubishi huo kwa sentensi nzima yenye kitenzi: "Watu hawa wanatofautiana kuhusu kwa nini..." Ukishindwa kuimaliza sentensi hiyo, bado hujapata mada. Rudi ukasikilize tena, na safari hii uwe na daftari.

Kuna wanaochagua mada kwa sababu wanaipenda, na walimu wengi huwahimiza wafanye hivyo. Mimi sina hakika. Anayempenda sana Masinde ataandika sifa zake, na anayemchukia bodaboda ataandika malalamiko. Kinachosaidia zaidi ni kutatizwa na jambo kuliko kulipenda. Chagua lile ambalo hulielewi na linakukera kwamba hulielewi.

Mahindi, hatua kwa hatua

Tuchukue mahindi, maana huwezi kukaa Kitale ukayakwepa. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa Kitale mwaka wa 1956, mwanzoni ikizalisha mbegu za nyasi za malisho kwa mashamba ya walowezi. Watafiti wa kituo cha serikali mjini humo walichukua mahindi yaliyokuwa yakipandwa huku, yaliyoitwa Kitale Synthetic II, wakayachanganya na aina iliyotoka Ecuador, namba 573. Mwaka wa 1964 mbegu iliyotokana na mchanganyiko huo ikaanza kuuzwa kwa jina la H611. Habari hii ni tamu, na hapa ndipo wengi hunasa. Huisimulia mwanzo hadi mwisho wakadhani wamefanya utafiti. Simulizi hiyo ni usuli. Inastahili aya moja.

Angalia alivyofanya John Gerhart, mtafiti Mmarekani aliyekuja Kenya Magharibi miaka ya sabini. Hakuuliza "athari za mahindi chotara". Alilinganisha maeneo yenye mvua na udongo tofauti, akauliza kwa nini mbegu hiyo ilienea haraka hapa na polepole pale. Ripoti yake ilitoka 1975 na bado inatajwa. Swali lenyewe halikuwa lake peke yake. Mwaka wa 1957 mwanauchumi Zvi Griliches alikuwa ameuliza jambo lililo karibu na hilo kuhusu majimbo ya Marekani: kwa nini wakulima wa Iowa walizikumbatia mbegu chotara mapema na wale wa Alabama wakachelewa. Kuazima swali si wizi, mradi umtaje uliyemwazima. Kwa mwanafunzi ndiyo njia fupi kuliko zote: tafuta swali lililoulizwa vizuri mahali pengine, ulilete Kiminini, hapa Trans Nzoia.

Sasa tupunguze mada yetu. Tuanze na "mahindi Trans Nzoia". Tukate tubaki na mbegu. Tukate tena, tubaki na tendo moja tu, kununua. Kisha tuwataje watu: wakulima wenye chini ya ekari tatu. Kisha mahali: kijiji kimoja cha Kiminini ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu. Mpaka hapa tumepunguza ukubwa tu, na mada bado imelala. Kinachoiamsha ni tatizo: kwa nini wakulima hawa wanaendelea kununua H614, mbegu iliyokuwako kabla wewe hujazaliwa, ilhali rafu ileile ya duka lilelile ina mbegu zinazokomaa mapema?

Soma swali hilo tena, ujiulize ushahidi wake uko wapi. Uko kwenye daftari la mauzo la mwenye duka, ukimwomba kwa adabu na ukaahidi kutolitaja jina lake. Uko kwa wakulima kumi na tano hivi. Uko kwa afisa wa kilimo wa wadi na katika machapisho ya kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Kitale kuhusu aina za mbegu. Vyote hivyo unavifikia bila kulala ugenini.

Isitoshe, jibu laweza kukugeukia. Ulikwenda ukidhani wakulima wanashikilia ukale, huku daftari likikuonyesha kwamba mbegu mpya huisha dukani mapema, na mwenye pesa za kuchelewa hununua iliyobaki. Sisemi ndivyo ilivyo Kiminini. Ninasema swali lako liache mlango wazi kwa jibu la namna hiyo.

Mfano mwingine uko jirani tu, Busia. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walitaka kujua kwa nini wakulima hawanunui mbolea wanayojua inasaidia. Wangeweza kuandika juu ya "changamoto za mbolea" mpaka wakachoka. Badala yake walishika jambo moja, wakati wa kununua. Mkulima akipewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya kuvuna, pesa zikiwa bado mkononi, na akapelekewa bila malipo ya usafiri, je, atanunua zaidi? Alinunua zaidi. Makala yao yalichapishwa 2011, na miaka minane baadaye Duflo na Kremer walikuwa miongoni mwa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, kwa kazi za aina hiyo kwa jumla. Wewe hutapata fedha za kuendesha majaribio kama yao, lakini kuuliza "lini" badala ya "changamoto gani" hakugharimu shilingi.

Kila mpaka uwe na sababu

Msimamizi atakuuliza kwa nini umechagua miaka hii na mahali hapa. "Kwa sababu nilizaliwa huko" si jibu baya, lakini peke yake halitoshi. Tuende Webuye tuone mipaka inavyowekwa.

Kiwanda cha Pan Paper kilianza kutoa karatasi katikati ya miaka ya sabini, mji ukakua ukikizunguka. Kikasimama 2009, na mwaka wa 2016 kikanunuliwa na Rai Group. Kila mwaka kuna anayeandika "Athari za Kufungwa kwa Kiwanda cha Pan Paper kwa Maisha ya Wakazi wa Webuye". Anagawa hojaji hamsini zinazouliza: je, kufungwa kwa kiwanda kuliathiri maisha yako? Chagua: sana, kiasi, kidogo. Wote wanatia alama kwenye sana. Baada ya wiki tatu za jasho amegundua kwamba kiwanda kikifungwa watu huumia.

Jaribu hivi. Nenda kwenye shule moja ya msingi iliyo karibu na kiwanda ukiwa na barua ya utambulisho kutoka chuoni, umwombe mwalimu mkuu akuruhusu uone rejista ya uandikishaji. Ni daftari kubwa lenye mistari mirefu, na mara nyingi lina namba ya mwanafunzi, tarehe aliyojiunga, darasa, tarehe aliyoondoka, pengine na sababu. Usinakili jina la mtoto hata mmoja, hesabu tu. Walioingia 2006 ni wangapi, walioondoka ni wangapi, na vivyo hivyo hadi 2012. Swali lako sasa ni: kati ya 2006 na 2012, watoto walihama shule hii kwa mwendo gani, na je, mwendo huo ulibadilika kiwanda kiliposimama?

Mipaka yote ina sababu zake. Miaka mitatu kabla na mitatu baada hukuwezesha kulinganisha, na shule iliyo jirani na kiwanda ndiyo inayotarajiwa kuguswa kwanza. Watoto nao ni ushahidi usiotegemea kumbukumbu ya mtu, kwa kuwa tarehe ziliandikwa siku zilezile, wala hakuna aliyejua kwamba utakuja kuzisoma.

Kuna mtego humo, na mtego huo ndio utakaofanya insha yako isomeke. Mapema 2008, mwaka mmoja kabla ya kiwanda kusimama, nchi ilikuwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu wakihama huku na kule. Ukiona watoto wengi wameingia au kuondoka mwaka huo, usikimbilie kukilaumu kiwanda. Huenda hata walioingia walitoka mbali. Mwenye mada pana hangeuona mtego huu kamwe. Wewe umeuona kwa sababu umeshika ukurasa wa mwaka mmoja na una tarehe mbele yako. Ukipata nauli ya ziada, tembelea shule nyingine iliyo mbali na kiwanda ukalinganishe. Ikiwa nambari za 2008 zilipanda na kushuka kotekote, umejua kwamba jambo hilo si la Webuye peke yake.

Rejista ikikosekana (panya na mafuriko vimekula nyaraka nyingi za shule zetu) usiishikilie mada kwa nguvu. Wenye nyumba za kupanga wana madaftari ya kodi. Makanisa yana orodha za ubatizo. Fuata karatasi iliyopo, swali libadilike kidogo liifuate.

Kalenda nayo hupunguza mada

Jambo hili husahauliwa sana. Wanafunzi wa Bungoma wanapenda kuandika kuhusu tohara ya Wabukusu, na wana haki, maana mambo ni mengi: kengele za chinyimba zinazolizwa na mvulana akienda kuwaalika wajomba, matope ya alfajiri, nyimbo, marika yanayorudi kwa zamu. Lakini sherehe kubwa hufanywa Agosti ya miaka ya shufwa tu: 2022, 2024, 2026. Pendekezo lako likikubaliwa Januari ya mwaka wa witiri na insha ikitakiwa Novemba mwaka huohuo, hutaiona sherehe hata moja. Wanaoandika "nilishuhudia" katika hali hiyo wanajijua.

Mwaka wa witiri, basi, uliza kinachoweza kuulizwa mwaka wa witiri. Hili hapa moja linalonivutia. Agosti 2020 ulikuwa mwezi wa tohara, nayo Kenya ilikuwa chini ya kafyu na makatazo ya mikutano kwa sababu ya korona. Sherehe inayotegemea watu kukesha na kutembea usiku ilifanywaje? Zungumza na familia nane au kumi zilizotahirisha mwaka huo, uulize ni hatua zipi walizibakiza, zipi walizifupisha na zipi waliziacha, na nani aliyeamua. Jibu litakuonyesha ni sehemu gani ya sherehe ambayo watu hawakuwa tayari kuiacha hata serikali ikitaka. Kumbukumbu bado ni za karibu, na mpaka wa wakati umewekwa na tukio lenyewe.

Uwe mwangalifu na mambo ya siri. Kuna yanayosemwa kwa mwanamume aliyetahiriwa tu, kuna yasiyosemwa kwa mtu wa nje. Mhojiwa akinyamaza, andika kwamba alinyamaza.

Mambo ya zamani na ya mbali

Wanaosoma historia wana tatizo lao: karatasi ziko Nairobi. Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde ni mfano mzuri. Masinde alizaliwa upande wa Kimilili mwanzoni mwa karne iliyopita, akawa mchezaji mashuhuri wa kandanda kabla ya kugeuka mwiba kwa serikali ya kikoloni. Mwezi wa Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo Malakisi, wakawaua watu 11. Masinde alikufa 1987, akiwa amezijua jela za wakoloni na za serikali ya Kenya huru. Barua na ripoti za maafisa wa wakati huo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Kitaifa, Nairobi, na kwa insha ya wiki sita safari hiyo ni ngumu.

Kwa hiyo punguza mada kulingana na meza uliyo nayo. Kuna vitabu viwili vilivyotoka 1977, cha Audrey Wipper kuhusu waasi wa vijijini na cha Jan de Wolf kuhusu mabadiliko ya jamii Kenya Magharibi, na vyote vinaishughulikia dini hiyo. Wanaielezaje Malakisi? Wanategemea mashahidi gani? Wanatofautiana wapi, na tofauti inatokana na nini? Hiyo ni insha kamili, nayo inaandikwa ukiwa umeketi maktabani. Ongeza F. E. Makila, aliyeandika historia ya Wabukusu mwaka uliofuata akiwa mwenyeji, uone mwenyeji anasisitiza nini ambacho wageni walikipita.

Ukitaka kuhoji watu, fanya hesabu kwanza. Aliyekuwa na miaka kumi 1948 sasa anakaribia tisini. Utakaowapata wengi ni watoto na wajukuu wa waliokuwapo, na swali linalowafaa si "nini kilitokea Malakisi" bali "familia zinasimulia nini kuhusu Malakisi". Haya ni maswali mawili tofauti kabisa. Anayeyachanganya huchukua alichosikia mjukuu akakiandika kama ushahidi wa aliyeona.

Kuna chanzo kingine cha bure ambacho hakitumiki inavyostahili, nacho ni Hansardi, kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zinazosomeka mtandaoni kwa simu. Wakati wa kuelekea uhuru, Kitale na mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa mzozo mkubwa: yawe upande gani wa mpaka wa majimbo? Masinde Muliro, aliyekuwa kiongozi katika chama cha KADU, aliendelea kuwa sauti ya Bungoma na Kitale kwa miongo mitatu. Chukua miaka miwili ya miaka ya sitini, tafuta "Trans Nzoia" katika mijadala ya miaka hiyo tu, usome kila mahali ilipotajwa na uangalie nani aliitaja na alikuwa akidai nini. Ushahidi wako una mwanzo na mwisho, na mwalimu akitaka kuukagua anaweza.

Ukiwa umekwama kabisa na uko Kitale, nenda makumbusho. Yalianza 1926 kama mkusanyiko wa mlowezi mmoja, Luteni Kanali Stoneham, reli ilipokuwa ndiyo kwanza inafika mjini. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974, baada ya yeye kufa na kuiachia nchi vitu vyake. Simama mbele ya kabati moja tu. Soma vibandiko: vinasema nani alikusanya? Vinasema nani alitengeneza? Kama jibu la kwanza lipo na la pili halipo, una mada.

Pale unapostahili kusita

Mada nyingine zinaingia kwenye mipaka yote lakini si za insha ya darasa. Mapigano ya Mlima Elgon ya 2006 hadi 2008, yaliyohusu kundi la SLDF na mgao wa ardhi ya Chebyuk, kisha operesheni ya jeshi iliyoanza Machi 2008, yaliacha wajane, waliopotea na waliolemazwa. Mwanafunzi anayekwenda Kapsokwony na hojaji ya kuuliza "uliathirika vipi" anafungua kidonda asichoweza kukifunga, halafu anapanda matatu kurudi chuoni. Usifanye hivyo. Ushahidi ulikwisha kukusanywa na watu waliofunzwa: ripoti ya Human Rights Watch ya 2008 na ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Swali kama "ripoti hizi mbili zinaelezaje chanzo cha mzozo wa ardhi ya Chebyuk, na zinatofautiana wapi?" lina uzito wa kutosha, wala halimrudishi mtu kwenye usiku ule.

Mada za watoto, wagonjwa na kesi zilizo mahakamani nazo zina masharti yake. Muulize msimamizi mapema kama kazi yako inahitaji kibali cha NACOSTI na cha kamati ya maadili ya chuo. Vibali huchukua muda, na muda huo uingize katika wiki zako.

Lijaribu swali kabla ya kulipeleka

Lijaribu kwanza kwa mtu wa nyumbani asiyesoma chuo. Mwambie shangazi yako swali lako kwa sentensi moja. Akisema "hilo si linajulikana?" muulize linajulikanaje, na jibu ni lipi. Kama jibu lake ndilo ungeandika wewe baada ya wiki sita, badilisha swali. Akikupa jibu, na jirani akampinga, uko pazuri.

Halafu jiulize: ni kitu gani nikikipata kitaonyesha kwamba nilidhani vibaya? Kwa mada ya mbegu ni daftari la duka. Kwa mada ya Pan Paper ni shule ya mbali yenye mwendo uleule wa kuhama. Kama hakuna kitu chochote kinachoweza kukupinga, ulichoshika ni hotuba.

Mada ikiwa nyembamba kupita kiasi utajua pia. Dalili yake ni kwamba unajibu lote kwa nambari moja au kwa kumuuliza mtu mmoja, na hakuna kitabu wala makala unayoweza kuyaweka kando ya kazi yako. "Agroveti fulani iliuza mifuko mingapi ya H614 mwezi wa Machi" linajibiwa kwa dakika tano. Dawa yake si kurudi kwenye kaunti nzima. Ongeza kitu cha kulinganisha nacho: duka la pili, mwaka wa pili, wakulima wa aina ya pili.

Sasa nenda kwa msimamizi. Msimamizi mwenye wanafunzi thelathini ana dakika chache kwako, kwa hiyo usimpelekee orodha ya mada tano achague. Mpelekee karatasi moja. Juu, swali kwa sentensi moja. Chini yake, vyanzo ambavyo umekwisha kuviona kwa macho, na kando ya kila kimoja mahali kilipo na nani amekuruhusu: "rejista, ofisi ya mwalimu mkuu, ameruhusu kwa mdomo, anasubiri barua". Kisha kitabu au makala mawili yaliyouliza swali linalofanana na lako. Mwisho, swali la akiba, linalotumia vyanzo hivyohivyo, ikiwa la kwanza litakataliwa.

Akikuambia "bado ni pana", usiondoke hapo na neno hilo tupu. Muulize ni sehemu ipi ya ushahidi anayodhani hutaimaliza, umpe kalamu aikate mwenyewe kwenye karatasi.